Somo: Namba za kompresheni za Subaru yenye turbo zinasema nini

Kompresheni ni presha ya hewa ambayo pistoni inaibana ndani ya silinda; tunaipima kwa geji, kwa psi. Kijana mmoja alileta Subaru Impreza WRX hapa gereji kwangu Arusha, injini EJ20, yaani ya lita 2.0 yenye turbo. Alikotoka alishaambiwa injini imekufa, atafute nyingine, kwa kuwa geji ilisoma 95 kwenye silinda zote nne. Nikachaji betri usiku kucha, asubuhi nikapima upya trotoli (kibao kinachoruhusu hewa kuingia kwenye injini) ikiwa wazi: 125, 122, 124, 120. Injini nzima kabisa, na yeye alikuwa ameshaanza kukopa hela ya kununua nyingine. Iliniuma sana, ndiyo maana naandika somo hili.

Kuandaa gari

Washa injini mpaka feni ya rejeta izunguke. Ikiwa bado inanguruma, chomoa fyuzi ya pampu ya mafuta uiache ijizime yenyewe; hapo presha ya petroli imeshuka. Subiri kama nusu saa. Injini inatakiwa iwe na joto, lakini hedi ni ya aluminiamu, na plagi ukiilazimisha kutoka hedi ikiwa inaunguza unaweza kuondoka na nyuzi za tundu lake. Turbo nayo iko nyuma kulia, itakubabua mkono bado.

Chomoa soketi za koili zote, halafu toa plagi zote nne. Usitoe moja moja, maana stata itabeba mzigo wa silinda nyingine na mzunguko utakuwa mzito. Kwenye EJ plagi zimejificha ubavuni, kwa hiyo utatoa boksi la hewa upande mmoja, na betri na chupa ya maji ya waipa upande wa pili. Betri uirudishe kwa nyaya za kuazimia umeme, iwe imejaa. Zipange plagi kwa mpangilio wa silinda. Plagi yenye oili mbichi imeshakwambia jambo kabla hujashika geji.

Trotoli iwe wazi kabisa. Ya kebo, mwenzako akanyage tu. Ya umeme, washa swichi, kanyaga pedali, kisha chungulia kwa macho yako uone kibao kimefunguka kweli. Kikiwa kimefungwa, silinda inavuta hewa kidogo na namba zote zinaanguka kwa pamoja. Kosa hili nimelikuta mara nyingi kuliko injini mbovu.

Angalia na geji yenyewe. Ile pini ndogo ya vali inatakiwa iwe kwenye ncha ya mpira inayofungwa kwenye tundu la plagi. Ikiwa iko juu kwenye saa ya geji, hewa ya ndani ya mpira wote inahesabiwa kama sehemu ya silinda, na usomaji unashuka.

Kupima

Piga stata mpaka mshale uache kupanda, kwa kawaida midundo sita hadi minane, na idadi iwe ileile kwa kila silinda. Andika namba ya mdundo wa kwanza na namba ya mwisho. Wengi huandika ya mwisho tu, wakati ule wa kwanza ndio wenye habari.

Silinda nzima hapa kwangu inapanda hivi: 70, 100, 115, 122, 125, inatulia. Yenye ringi (pete za pistoni) zilizochoka inaanza chini na kujikongoja: 35, 60, 78, 88, 92. Yenye vali isiyokaa vizuri inaanza chini na kubaki hukohuko: 30, 38, 42, 42. Ukiangalia mshale badala ya kuzungumza na mwenye gari, utayaona haya kabla hujafungua boliti hata moja.

Kuzisoma namba

Usilinganishe na Corolla ya jirani. Injini nyingi za turbo za aina hii zina uwiano wa mgandamizo wa kati ya 8 na 9 kwa 1, wakati nyingi zisizo na turbo siku hizi ziko 10 na zaidi. Na kwenye stata turbo haipulizi chochote, kwa hiyo kipimo hiki hakisemi lolote kuhusu afya ya turbo.

Halafu kuna mwinuko, jambo ambalo karibu kila mtu analisahau. Geji inapima kilichozidi hewa ya nje, na hewa yenyewe huku juu ni nyepesi. Dar es Salaam hewa ina psi 14.7, Arusha, kwenye mita kama 1,400, ni karibu 12.4. Injini inayosoma 150 Dar itasoma kama 127 Arusha, na Nairobi kama 122. Haijaharibika njiani. Kitabu cha gari kimeandikwa kwa namba za usawa wa bahari, kwa hiyo fanya hesabu kwanza ndipo uhukumu.

Baada ya hapo, linganisha silinda na silinda. Mimi tofauti ya asilimia 10 kati ya ya juu na ya chini naiacha ipite. Ikifika 15 naanza kutafuta sababu. Moja tu ikiwa chini, shida iko humo humo ndani. Mbili za upande mmoja zikiwa chini (1 na 3 kulia, 2 na 4 kushoto, ukiwa umekaa kwenye kiti), fikiria gasketi ya hedi, au kemshafti ya upande huo imeruka meno ya mkanda wa taiming. Zote nne zikiwa chini kwa usawa, rudi kwenye betri, trotoli, geji na mkanda kabla ya kutamka neno "injini".

Kuna wanaomwaga kijiko cha oili kwenye silinda na kupima tena; namba ikipanda sana, wanasema ni ringi. Kwa injini ya wima ni sawa. Hii ya boksa silinda zimelala, oili inakaa upande wa chini na sehemu ya juu ya ringi haipati kitu. Namba isipopanda, usihitimishe kwamba ringi ni nzima.

Jibu la uhakika ni kupima uvujaji. Ilete silinda kwenye kilele cha mgandamizo, funga injini isizunguke, ingiza hewa ya kompresa, kisha sikiliza. Ikipumua kwenye mdomo wa kujazia oili, ni ringi au pistoni. Kwenye bomba la eksozi, vali ya kutolea. Kwenye trotoli, vali ya kuingizia. Mapovu kwenye rejeta, gasketi ya hedi au ufa.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, nina STI ya 2.5. Namba ni 128, 126, 127, 112, gari linakimbia vizuri. Niendelee?*

Tofauti ni karibu asilimia 12, na silinda yenyewe ni ya 4. Kwenye EJ25 za turbo, ukingo mwembamba wa pistoni kati ya ringi na ringi hupasuka, na silinda ya 4 inajulikana kwa hilo. Ufa mdogo bado unabana hewa, ndiyo maana linakimbia. Injini ikiwa inanguruma bila mzigo, fungua kifuniko cha oili uweke kiganja. Ukisikia pumzi inayodunda kwa mpigo, usikanyage mpaka turbo isukume hewa (busti) tena, hadi upime uvujaji.

*Kaka fundi, silinda moja imesoma 150 na nyingine 125. Hiyo ya 150 ndiyo nzima kuliko zote?*

Hapana dada yangu. Mara nyingi ni kaboni iliyojaa juu ya pistoni na kupunguza nafasi, au oili inayoingia humo. Kwenye turbo, kaboni hiyo inaleta kugonga, yaani petroli kujilipukia ovyo ndani ya silinda. Ingiza kamera ndogo kwenye tundu la plagi uone.

*Forester XT, namba 120, 118, 121, 119, lakini oili inapungua na moshi wa bluu unatoka nikiondoka kwenye taa. Nifungue injini?*

Usifungue bado. Kwa namba hizo ringi haziko kwenye nafasi ya kwanza. Toa bomba linaloingia turbo, shika shafti kwa vidole. Kuchezacheza kidogo pembeni ni kawaida. Ikienda mbele na nyuma, au mapanga yakigusa ukuta, turbo ndiyo inayokunywa oili yako.