Jinsi ya kuongea na kijana anayevuta vepu akakusikiliza

Kama mdogo wako au mwanao anavuta vepu, yaani sigara ya kielektroniki, usianze na picha za mapafu yaliyooza, hizo ameshaziona na jibu analo. Anza kwa kumuuliza, hivi wewe unaionaje hii kitu? Alafu nyamaza. Hata akiongea pumba vumilia mpaka amalize, ukimkatiza tu ndo basi tena, na utakosa kujua anaamini nini hasa.

Wengi watakwambia ni mvuke wa maji tu. Mweleze taratibu kwamba si maji, ni vimiminika vya kemikali, glisarini na propilini glaikoli, vyenye flava na mara nyingi nikotini, ile inayomfanya mtu awe mraibu, vinapashwa moto na kawaya kadogo, na kwenye huo moto vinaweza kutoa fomaldehaidi, kemikali yenye sumu, na kawaya kenyewe kanaweza kuachia chembe za metali kama nikeli na risasi zikaingia kifuani. Kama kifaa anacho mkononi mwambie asome asilimia iliyoandikwa pale, 5% ni kama miligramu 50 za nikotini kwenye kila mililita 1. Kuna vijana wanavuta hiyo kila siku na wanaamini kabisa ni flava tupu.

Mwingine atasema afadhali hii kuliko sigara. Hapa kuwa mkweli jamani. Mtu mzima aliyezoea sigara akihamia vepu moja kwa moja, sumu anazovuta zinapungua sana, hiyo ni kweli na usiikatae. Ila kijana ambaye hajawahi kuvuta sigara hajahama popote, kaanza nikotini upya, tena na ubongo ambao unaendelea kukua mpaka karibu miaka 25, ndo maana inamnasa haraka na kuvuruga umakini wake.

Na ukitaja ule ugonjwa wa mapafu wa Marekani mwaka 2019, uliolaza watu zaidi ya 2,800 na 68 wakafariki, taja na kwamba wengi walikuwa wametumia vepu za bangi zilizochanganywa mafuta ya vitamini E. Akija kuisoma mwenyewe akakuta ulificha hiyo sehemu, hatakuamini tena.

Sasa lile la "nikitaka naacha tu", mimi naona ndo kubwa kuliko yote. Usibishane naye. Mwombe akuachie kifaa siku moja nzima alafu ajiangalie, anakasirika ovyo? anasoma ukurasa uleule mara nne hauingii? mkono unapapasa mfuko kila saa? Huo ni mwili unadai nikotini, na siku 3 za kwanza ndo huwa kali, baada ya hapo inapungua ndani ya wiki chache. Mwambie mapema asije akadhani atabaki hivyo maisha yote.

Akikubali kuacha, mfundishe kwamba hamu ikipanda huwa inadumu dakika chache tu, anywe maji, atembee, akutumie meseji hata ya usiku na wewe ujibu kweli. Akirudia usimgombeze, muulize alikuwa wapi na nani ilipomshika, maana kama ni kila akikaa na washkaji fulani au kila akikaribia mtihani, basi mpange hapohapo atafanya nini siku hiyo ikifika tena.