SOMO: Mgonjwa wa dharura anakaa muda mrefu akisubiri vipimo? Soma kabla ya kulaumu mashine

Nimechoka kuulizwa kwa nini "maabara za Mwanza zinachelewa". Mashine ya FBP (kipimo cha picha kamili ya damu) humaliza sampuli kwa dakika chache. Muda huliwa kabla damu haijatufikia na baada ya majibu kutoka, na wakati huo kitanda cha dharura hakiachiki, maana daktari hajajua alaze au aruhusu.

1. Andika saa ya kila hatua, kuanzia daktari alipoagiza kipimo, siyo kuanzia maabara ilipopokea.

2. Bandika lebo ukiwa kitandani kwa mgonjwa.

3. Kuchukua damu. Hapa ndipo saa nzima hupotea. Ukivuta bomba la sindano kwa nguvu au ukaisukuma damu kwenye chupa, chembe nyekundu hupasuka, potasiamu iliyomo humwagika, majibu yanadanganya. Tutaikataa, mgonjwa achomwe tena, muda uanze upya. Mpira wa kufungia mkono usikae zaidi ya dakika moja. Acha spiriti ikauke. Damu ya kwenye kanula (mrija unaoachwa mshipani) huvunjika zaidi kuliko ya kuchoma mshipa moja kwa moja. Na JAMANI, msiongezee chupa nyekundu kwa damu ya chupa ya zambarau (rangi ni za vifuniko)! Dawa ya kuzuia kuganda iliyomo kwenye zambarau ina potasiamu: potasiamu itapaa, kalsiamu itashuka, na mgonjwa atatibiwa ugonjwa asio nao. Chupa ya bluu ijae hadi mstari.

4. Peleka mara moja. Usingoje trei ijae.

5. Chupa nyekundu isiyo na dawa hungoja kama nusu saa igande ndipo izungushwe kwenye mashine ili serumu (maji ya damu) itengane. Ya kijani ina dawa ya kuzuia kuganda, haingoji. Uliza maabara yenu kama inaipokea kwa kipimo unachoagiza.

6. Kila zamu iwe na mtu wa kufuatilia majibu. Majibu ya hatari yapigiwe simu, anayepokea ayarudie kwa sauti.

MASWALI

Sangara wa Kirumba: Mkuu, kwa kifupi tuwaambie maabara waongeze mashine?

Jibu: Hatua ya 3. Isome.

Sangara wa Kirumba: Nimeuliza tu, mbona ukali?

Jibu: Na mimi nimejibu tu.

Nesi wa Igoma: Asante kwa somo. Malaria na sukari tukipima wenyewe palepale, mgonjwa ataondoka mapema?

Jibu: Swali zuri, dada. Mara nyingi ndiyo, kama majibu ndiyo yaliyokuwa yanamshikilia. Kama anasubiri nafasi wodini, hata kipimo cha dakika moja hakimtoi. Zile saa za hatua ya 1 zitakuonyesha amekwama wapi. Kipimo cha haraka cha malaria kisome kwa muda ulioandikwa kwenye pakiti yake, usiwahi wala usichelewe. Muulize pia kama ametibiwa malaria karibuni, kwa sababu vile vipimo vinavyotafuta HRP2 (protini ya vimelea vya malaria) huweza kubaki chanya wiki kadhaa baada ya kupona. Huku ziwani tunawaona sana hao.

Mdau wa Ukerewe: Sisi tunatuma damu kwa boti. Tuiweke kwenye boksi la barafu la samaki?

Jibu: Hapana kaka! Ikigusa barafu chembe hupasuka, na hata baridi peke yake huvujisha potasiamu. Zungusheni, tenganisheni serumu hukohuko, ndipo mtume. Sukari pimeni hapohapo, maana damu isiyotenganishwa hupoteza kama asilimia 5 hadi 7 ya sukari kila saa. Chupa ya kijivu (yenye dawa ya kutunza sukari) husaidia, ila saa moja au mbili za mwanzo sukari bado hushuka.

Mdau wa Ukerewe: Hatuna mashine ya kuzungushia. Umeme nao ndio huo.

Jibu: Basi kwa potasiamu msitume damu. Mpandisheni mgonjwa mwenyewe boti ya kwanza.