Kuchora bodi za saketi kwa plota ya zamani

Plota ni mashine inayochora kwa peni ikiongozwa na kompyuta. Yangu ni Roland DXY-1100, ile ya karatasi ya A3 yenye nafasi za peni nane. Niliipata mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, kwenye rundo la vyuma chakavu, jamaa akiniuzia kwa kilo. "Chukua tu mzee, hata sisi hatulijui hilo dude." Huko ilikotoka nadhani ilichora ramani za nyumba. Siku hizi inachora bodi za chaja za sola kwenye kibanda changu Buguruni: peni inachora njia za umeme juu ya bodi yenye shaba, halafu dawa inakula shaba isiyo na wino, iliyofunikwa ndiyo inabaki kuwa njia.

Ukiikuta yako, kabla ya kutoa hela angalia kinachotembea ni nini. Kama karatasi ndiyo inayovutwa mbele na nyuma na vigurudumu, kama kwenye HP 7475A, achana nayo. Bodi ya kawaida ya unene wa milimita 1.6 haipiti humo. Tafuta ile ambayo karatasi inalala tuli na peni ndiyo inayosafiri.

Waya wa kuiunga na kompyuta ulinitesa kuliko kitu kingine. Plota ina kumbukumbu ndogo, kompyuta inamwaga data haraka, kwa hiyo lazima pawe na waya wa kusema "subiri kwanza". Mimi kwa ujuaji niliunga waya tatu tu. Ikachora vizuri kabisa, halafu katikati ya kazi peni ikakatiza bodi kona kwa kona kama imepandwa na mashetani. Unganisha hivi, plagi ya pini 9 upande wa kompyuta kwenda ya pini 25 upande wa plota: 2 kwa 2, 3 kwa 3, 5 kwa 7, na 8 kwa 20. Huo wa mwisho ndio wa "subiri". Kasi iwe biti 9600 kwa sekunde, na kwenye programu inayotuma faili washa udhibiti wa RTS/CTS, yaani kompyuta isikilize waya wa "subiri", la sivyo huo waya wa nne ni pambo.

Sasa peni. Peni zilizokuja na mashine zilikuwa zimekauka, na hata zingekuwa nzima wino wake haukutengenezwa kuhimili dawa ya kulia shaba. Ninatumia Staedtler Lumocolor ya wino usiofutika, ncha ya F, mstari wa milimita 0.6 hivi. Maka peni za bei poa nimezijaribu sana: mstari unaonekana mweusi tii, ukiinua bodi kwenye mwanga unaona shaba inakuchungulia. Kishikio nilichongewa na fundi wa kukereza; nilimpelekea peni moja mbovu ya plota iwe mfano wa umbo la nje, katikati akatoboa tundu la kuingia Lumocolor. Ncha ikae juu zaidi ya ile ya zamani kwa milimita 1.6, maana bodi imeinua sakafu. Halafu zungushia bodi vipande vya bodi chakavu vya unene uleule, ubandike na selotepu, ili peni isijikwae pembeni.

Shaba isugue kwa msasa namba 600 na maji, kausha, futa kwa spiriti. Baada ya hapo usiiguse usoni. Kwa joto letu la Januari vidole vina jasho muda wote, na alama ya kidole wino hauishiki.

Mchoro nautoa kwenye toleo la zamani la KiCad, programu ya kuchora saketi, kama faili ya HPGL, yaani lugha ya amri za plota, upana wa peni nikiuandika 0.6. Waliozoea kuhamisha mchoro kutoka kwenye karatasi kwa pasi wawe macho: pale karatasi inageuzwa, hapa peni inachora moja kwa moja, kwa hiyo shaba ya chini lazima uitoe ikiwa imegeuzwa kama kwenye kioo. Nilisahau mara moja, nikaishia kulehemu IC (kile kidude cheusi chenye miguu mingi) ikiwa imelala kifudifudi, miguu juu. Njia za umeme zifanye nene, milimita 0.8 kwenda juu, na usijaribu kupitisha njia kati ya miguu ya IC.

Fungua faili, mwanzoni baada ya SP1 (amri ya kuchukua peni ya kwanza), ongeza VS2, yaani sentimita 2 kwa sekunde. Ni mwendo wa kobe, lakini wino unapata muda wa kushuka. Ikimaliza, ngoja dakika tano, tuma faili ileile tena bila kusogeza bodi. Mkono wa pili ndio unaoziba vitundu. Na peni ifunike papo hapo. Yangu ya kwanza niliiacha kwenye mashine nikaenda kula chipsi, nikarudi imekauka.

Feriki kloraidi, ndiyo dawa ya kulia shaba, iwe kwenye bakuli la plastiki, si sufuria, na uvae glavu. Ikidondokea shati, shati limekwenda. Bodi naitia humo, bakuli naliweka ndani ya beseni la maji ya moto, natikisatikisa mpaka shaba isiyo na wino iishe. Dawa iliyotumika nairudisha kwenye dumu lenye alama. Mtaro wetu unaishia Mto Msimbazi, siimwagi humo.

Futa wino kwa spiriti, toboa kwa biti ya 0.8. Kama njia imekatika mahali, usirudie bodi nzima: kwangua hapo, laza unywele wa waya, weka risasi juu.