Kabla Hujabadilisha Jina Kuu la Tovuti Iliyo Kwenye Hosti ya Bure

Wafanyabiashara wengi wadogo wa hapa Kisumu waliingia mtandaoni kwa jina la bure. Wengine walipewa lile refu linalobeba mkiani jina la hosti, yaani kampuni inayoihifadhi tovuti kwenye kompyuta zake, wengine wakachukua la .tk, .ml au .ga. Hayo ya pili yalitolewa na Freenom, kampuni iliyosimamisha usajili wa majina mapya mwaka 2023, na Februari 2024 ikatangaza kwamba inajiondoa katika biashara hiyo. Tangu wakati huo naitwa mara kwa mara, kuanzia Kondele hadi Maseno, na ombi ni moja: "Nimenunua .co.ke, nibadilishie." Nami hujibu kwa kuuliza maswali, kwa sababu jina la tovuti huwa limeandikwa mahali pengi kuliko mwenyewe anavyokumbuka.

Swali la kwanza ni nani mwenye jina. Majina ya .ke husimamiwa na KENIC, shirika la majina ya mtandao la Kenya, na kuuzwa na wasajili walioidhinishwa: .co.ke kwa biashara, .or.ke kwa mashirika yasiyo ya faida, .sc.ke kwa shule, na tangu 2017 kuna .ke fupi pia. Hakikisha usajili una baruapepe na simu ya mwenye biashara, si za fundi. Nakijua kikundi cha akina mama kilichopoteza jina lake kwa sababu kijana aliyewasajilia alitumia baruapepe yake, akahama, na ilani za kulipia zikawa zinamfikia yeye peke yake. Hadi leo jambo hilo linaniuma. Angalia pia jina la zamani linaisha lini. Likiwa ni la kulipia na limebakisha wiki mbili, lilipie kwanza.

Sasa ingia kwenye akaunti yako ya hosti. Jina kuu ni lile ulilofungulia akaunti, na katika hosti nyingi za bure halihaririwi. Utakachoruhusiwa ni kuongeza jina jipya kando ya la zamani, au kufungua akaunti nyingine. Jua mapema unaruhusiwa majina mangapi, jina jipya litapata folda yake au litatumia ile ile, na ukiondoa la zamani kitafutika nini. Kuna hosti ambazo ukiliondoa jina, folda yake inakwenda nalo. Ukibaki ndani ya akaunti ile ile, databesi, yaani ghala la maandishi na mipangilio ya tovuti, haihami wala nenosiri lake halibadiliki. Unahamisha faili tu. Ukifungua akaunti mpya, jina la databesi, la mtumiaji na nenosiri vyote vitakuwa vipya, nawe itabidi uviandike upya kwenye wp-config.php, faili inayoiunganisha na databesi tovuti iliyojengwa kwa programu ya WordPress. Kwa hiyo, pale inapowezekana, mimi hupendelea kuongeza jina.

Nakala ziwe mbili: faili zote za folda ya tovuti (htdocs au public_html) kwa FTP, njia ya kunakili faili kutoka kwenye hosti, na databesi iliyotolewa kama faili ya SQL kupitia phpMyAdmin, chombo cha kusimamia databesi. Moja bila nyingine haikusaidii. Ziweke nje ya hosti, kisha ufungue faili ya SQL uone kama imefika mwisho; stima ikipotea katikati ya kupakua, unaweza kubaki na nusu ya faili ukidhani unayo yote.

Panapoumiza watu ni ndani ya databesi. Kwa tovuti ya WordPress, jina limekaa katika mistari miwili ya jedwali la wp_options, siteurl na home. Ukibadilisha hiyo miwili, ukurasa wa mbele utafunguka nawe utadhani umemaliza. Lakini kila picha uliyoweka ndani ya makala na kila linki uliyoandika kwa mkono bado inabeba jina la zamani. Mafundi wengine hufungua faili ya SQL na kubadilisha neno kwa neno. Tafadhali usifanye hivyo. Baadhi ya mipangilio huhifadhiwa ikiwa imefungashwa pamoja na hesabu ya herufi zake: s:22 maana yake herufi 22 zinafuata. Ukiingiza jina la herufi 27 na hesabu ikabaki 22, WordPress haitaweza kuufungua mzigo huo, na mpangilio wa menyu au wa pembeni utapotea bila onyo. Tumia plagini, yaani programu-jalizi ya WordPress, inayofungua mzigo, kubadilisha, na kuhesabu upya, kama Better Search Replace, na uanze na jaribio lake lisilobadilisha kitu.

Kuna pia majina yaliyo nje ya kompyuta. Keti na mwenye biashara myaandike: risiti, bango la soko la Kibuye, makoti ya vijana wa boda wanaopeleka mizigo, wasifu wa WhatsApp Business, ramani ya Google. Kama tovuti hupokea malipo ya M-Pesa kwa Daraja, mfumo wa Safaricom wa kuunganisha tovuti na M-Pesa, anwani inayopokea majibu ya malipo nayo ina jina la zamani. Ijaribu kwa shilingi chache kabla ya mteja. Baadhi ya hosti za bure hukubali wageni wa kivinjari pekee, kwa hiyo jibu la malipo huzuiwa mlangoni hata jina likiwa sahihi.

Baruapepe nayo isisahaulike. Ukielekeza jina kwenye seva za majina za hosti, rekodi zote za DNS, yaani maelezo ya jina linakoelekea, zitasomwa huko. Kama jina jipya tayari lina baruapepe za ofisi, nakili kwanza rekodi za MX, zinazoonyesha barua ziende wapi, na zile za TXT, zinazothibitisha mtumaji, la sivyo barua zitaacha kuingia na hakuna atakayekuambia. Siku moja au mbili kabla, ukiweza, punguza TTL, muda ambao mitandao hukumbuka rekodi, kutoka sekunde 86400, yaani siku nzima, hadi 300. Mabadiliko ya seva za majina zenyewe huweza kuchukua hadi saa 48.

Cheti cha usalama, kinachowezesha anwani ya https, huombwa baada ya jina kuelekea kwenye hosti. Usilazimishe https kabla hakijatoka, maana wageni wataonyeshwa onyo la kutisha. Cha bure cha Let's Encrypt hakizidi siku 90, kwa hiyo uliza kama kinajihuisha chenyewe.

Jina la zamani libaki hai. Liwekee elekezo la 301, linalosema ukurasa umehamia kabisa, katika .htaccess, faili ya maagizo ya seva, kila ukurasa uende kwa mwenzake, si wote kutupwa ukurasa wa mbele. Google hushauri elekezo lidumu angalau mwaka mmoja. Ndiyo maana nilisema ulilipie, na ndiyo maana akaunti ya zamani haifutwi, hata ikionekana haina kazi.

Mimi huanza Jumamosi usiku, nikiwa na bando la akiba na kompyuta iliyojaa chaji, kwa wale ambao wateja wao hawanunui Jumapili asubuhi. Nikimaliza, nazima Wi-Fi na kufungua jina jipya kwa laini ya Safaricom, kisha ya Airtel, kwa sababu mtandao mmoja unaweza kuwa bado unakumbuka anwani ya jana. Halafu naandika jina la zamani, herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye bango, nione linanifikisha wapi.