Mji mgeni, baiskeli ya kukodi: anzia kwenye kiti

Wengi tukifika mji tusioujua tunakodi baiskeli, tunaweka ramani kwenye simu, tunakimbilia huko kwenye mnara maarufu, jioni makalio yanawaka moto na mji wenyewe hatujauona, tumeona skrini tu. Mimi siku hizi nachukua dakika kumi palepale ninapokodi, hata mwenye baiskeli akinikunjia uso, maana hizo ndo zinaamua siku itaendaje.

Kiti kwanza. Panda, pedeli moja iwe chini kabisa, weka kisigino juu yake, mguu unyooke. Ukija kuchochea kawaida kwa mbele ya unyayo goti litabaki limekunjika kidogo na hapo ndo penyewe. Halafu kaza, kisha kishike kwa mikono miwili ukizungushe kwa nguvu uone kama kinacheza. Kuna siku nilipuuza hilo, kiti kikawa kinazama taratibu kama mtumbwi unaoingiza maji, nakuja kushtuka magoti yamefika kifuani, niko katikati ya mashamba na spana sina.

Breki nazo zina mambo. Nchi nyingi za kuendesha kushoto breki ya mbele iko mkono wa kulia, ila Marekani na sehemu kubwa ya Ulaya bara iko mkono wa kushoto, sasa ukikurupuka ukabana ile usiyoizoea unaweza kuruka juu ya usukani. Kwa hiyo kabla hujapanda sukuma baiskeli huku unabana moja moja, ujue ipi ni ipi na kama inashika kweli. Uholanzi na Denmark kuna baiskeli ambazo breki ya nyuma haipo mkononi kabisa, unakanyaga pedeli kinyumenyume. Mara yangu ya kwanza nilirudisha pedeli nyuma kidogo ili nijiweke sawa tu, baiskeli ikagoma ghafla, nusura nibusu lami.

Matairi yabonyeze kwa dole gumba, yakibonyea kirahisi omba pampu. Piga video ya mikwaruzo yote mbele ya mwenye mali, uliza pancha ni juu ya nani, na paspoti usiiache, kama kuna namna acha amana ya pesa. Zile za kukodi kwa programu ya simu, ukirudisha usiondoke mpaka simu ikuthibitishie safari imefungwa, la sivyo dakika zinaendelea kuhesabika wewe umeshalala.

Saa ya kwanza zunguka mitaa ya karibu tu, uangalie wenyeji wanapita wapi, wanakata kona vipi. Kama upande wa kuendesha ni tofauti na kwenu, kwenye foleni hutakosea maana unafuata wengine, utakosea asubuhi barabara ikiwa tupu, au umesimama kupiga picha halafu unaondoka na akili ya nyumbani. Magari yaliyopaki yaache kama mita moja, mlango hufunguliwa bila taarifa. Reli za tramu, zile treni za mitaani, zikate karibu kwa pembe mraba, ukizipita kiubavu gurudumu linaingia kwenye mfereji wake na zikilowa ndo utelezi wenyewe. Na lori likisimama kwenye taa usijipenyeze ubavuni mwake, kama huoni uso wa dereva kwenye kioo chake basi na yeye hakuoni.

Ukishazoea, toka nje ya mji, huko ndo kuna raha mimi ninayoitafuta. Fuata mto, mfereji au njia ya zamani ya treni iliyogeuzwa ya baiskeli, hizo hazina milima mikali kwa sababu treni haiwezi kupanda mwinuko mkubwa. Uholanzi na Ubelgiji makutano ya njia za baiskeli yana namba, unaandika namba utakazopitia kwenye kikaratasi unakifunga kwenye usukani, simu inalala mfukoni na chaji inabaki. Kwingine pakua ramani mapema, GPS haihitaji intaneti.

Upepo wengi wanausahau. Anza safari ukiwa unakabiliana nao ili urudi ukikusukuma, ukifanya kinyume unaenda unajiona bingwa halafu kurudi ni kilio. Mwendo wa mtu wa kawaida na vituo vyake hesabu kama kilometa 12 kwa saa, kwa hiyo kilometa 30 kwenda na kurudi ni kama masaa mawili na nusu, na saa ya kurudisha baiskeli haikungoji. Ukipanga kurudi kwa treni ulizia kwanza, nyingi hazipokei baiskeli saa za msongamano.

Ukisimama, pitisha kufuli kwenye fremu pamoja na gurudumu la nyuma, kwenye kitu kilichochimbiwa chini, na angalia juu pia, nguzo fupi mtu ananyanyua baiskeli na kufuli lako anaondoka. Piga picha mahali ulipoiacha na kibao cha mtaa kionekane. Mimi huwa nafunga na kitambaa chekundu nyuma ya kiti, tangu siku niliyohangaika karibu nusu saa na kufuli lililogoma, natia funguo natoa, kumbe baiskeli si yangu, yangu iko ya tatu kutoka pale, rangi ileile, kikapu kilekile.