Kufunga honi ya sauti unayoitaka bila kuiua honi ya gari

Bajaji ya kwanza niliyoifungia honi ya jogoo ilinifundisha kazi hii kwa aibu. Mwenyewe alitaka iwike kama jogoo wa bibi yake kule Masasi. Mimi kwa ujuaji nikang'oa honi ya kiwandani na kuunganisha kila kitu kwenye kitufe kilekile cha mkononi. Tukacheka wote pale kijiweni, akalipa, akaondoka. Wiki haijaisha akarudi, hacheki. Alikuwa anaingia Tandika, hapa Dar es Salaam, mtoto akakatiza mbele yake akifukuza tairi. Akabonyeza, kimya. Kisha, baada ya muda ambao kwake ulikuwa mrefu kama foleni ya Tazara, jogoo akawika. Mtoto badala ya kukimbia akasimama katikati ya njia, akawa anageuka huku na huku kumtafuta huyo jogoo. Kilichomwokoa ni breki.

Tangu siku hiyo nina sharti moja, na asiyelitaka namwambia atafute fundi mwingine: honi ya kiwandani haiguswi. Sauti ya mbwembwe inakaa pembeni, na kitufe chake, waya wake na fyuzi yake.

Sababu yenyewe ni hii. Honi ya kawaida ni kisahani cha chuma kinachotetemeshwa na sumaku ya umeme. Ukibonyeza inalia papo hapo, ukiachia inanyamaza. Honi ya kielektroniki ni redio ndogo: kichezeshi lazima kitafute faili kwenye kadi, kiifungue, ndipo sauti itoke. Na ikishaanza inaimba mpaka mwisho hata kama umeshaachia kitufe. Tena Kanuni namba 28 ya Umoja wa Mataifa, ambayo magari ya Ulaya na Japani hutengenezwa kwa kuifuata, inataka honi ya gari itoe sauti moja mfululizo isiyobadilika, yenye nguvu isiyozidi desibeli 112 ukiipima mita 7 mbele ya gari. Jogoo hayumo humo.

Haya, twende kwenye vifaa. Kichezeshi ninachotumia ni kile kidude kinachoitwa DFPlayer Mini, kidogo kuliko kiberiti, chenye miguu 16 na nafasi ya kadi ya memori. Kinakula volti 5 tu, kwa hiyo unahitaji kipunguza umeme cha LM2596 cha kushusha 12 kuwa 5. Unahitaji amplifaya ndogo ya TPA3118 ya spika moja, spika ya tarumbeta kama zile za msikitini ila ndogo, rilei moja ya gari (swichi inayowashwa kwa umeme) ya miguu minne au mitano, fyuzi ya ampea 5 na kishikio chake, kitufe cha kubonyeza, swichi ya kuzimia, na waya. Vidude vya elektroniki utavipata Kariakoo, rilei na fyuzi shuka Gerezani. Bei sitaji, leo nikiitaja kesho utanigombeza.

Usidanganywe na maandishi ya boksi. Amplifaya imeandikwa wati 60, muuzaji atakuapia. Wewe piga hesabu yako: volti mara volti, gawa kwa omu za spika (yaani upinzani wake) zilizozidishwa kwa mbili. Kwa volti 12 na spika ya omu 8, ni 144 gawa kwa 16, unapata wati 9. Ukichukua spika ya omu 4 unapata 18. Basi, hakuna muujiza hapo. Lakini tarumbeta ina ufanisi mkubwa kuliko spika ya kawaida, na wati hizo 9 zinatosha kabisa kumwamsha abiria aliyesinzia kituoni. Anayetaka zaidi ya hapo huwa hatafuti honi, anatafuta kesi.

Kabla hujakata waya wowote, weka mita kwenye betri. Bajaji, bodaboda na magari madogo ni volti 12, na injini ikiunguruma utasoma 13.8 mpaka 14.4. Coaster nyingi za dizeli zilizotoka Japani ni volti 24, yaani betri mbili za 12 zimeunganishwa kwa mfululizo, na alternata ikichaji unasoma karibu 28. Hapa ndipo mafundi wengi wanapoharibu mali ya tajiri. Wanaona betri mbili, wanasema ah, tuchukue 12 kwenye moja, mambo yaishe. Kifaa kitafanya kazi, tena vizuri. Ila betri ile moja itakuwa inanyonywa peke yake huku alternata ikizichaji zote mbili kwa pamoja kana kwamba ziko sawa. Moja inabaki na njaa, nyingine inavimbiwa. Baada ya miezi michache tajiri ananunua betri mbili mpya na hajui kwa nini. Kwenye gari la volti 24 weka kipunguza umeme cha kushusha 24 kuwa 12, chenye uwezo wa ampea 5, na honi yako yote ipate umeme kutoka hapo. Wala usiipe amplifaya hiyo 24 moja kwa moja ukijiambia kwamba inavumilia: mwisho wake ni volti 26, na wewe una 28.

Sasa kuunganisha. Chukua chanya kutoka betri, pitisha kwenye fyuzi ya ampea 5 karibu na betri kadiri inavyowezekana, upeleke mguu namba 30 wa rilei. Fyuzi ikiwa mbali, kile kipande cha waya kabla yake kikipiga shoti kwenye bodi ya gari hakuna wa kukizuia, na moto wa gari huanzia kwenye vipande kama hivyo. Mguu 87 unakwenda kwenye amplifaya na kwenye kipunguza umeme cha 5. Mguu 86 unaupa umeme unaokuja pale ufunguo ukiwashwa, ukiupitisha kwanza kwenye swichi ya kuzimia. Mguu 85 unaufunga kwenye bodi. Rilei yako ikiwa na mguu wa tano, 87a, uache wazi na uuzungushie tepu. Kwa mpangilio huu ufunguo unaamsha rilei tu, na mzigo wenyewe unatoka betri. Ukizima bajaji, kila kitu kimelala, hakuna kinachonyonya betri usiku.

Rekebisha kipunguza umeme kabla ya kukiunganisha na kichezeshi. Kile kiskurubu kidogo cha rangi ya shaba unakizungusha huku mita ikiwa kwenye waya wa kutokea, mpaka isome 5. Vinakuja kutoka dukani vimewekwa popote pale, kimoja nilikikuta 11, na kichezeshi kikipewa 11 hakilalamiki, kinatoa kamoshi kamoja tu.

Kwenye kichezeshi, VCC inapokea hiyo 5 na GND inakwenda hasi. Kitufe chako kinaunganisha mguu ADKEY1 na GND. Ukibonyeza, kinacheza faili ya kwanza. Ukitaka kitufe cha pili, tumia ADKEY2, hicho kinacheza faili ya tano, kwa hiyo lazima uwe na faili tano kwenye kadi hata kama tatu za katikati hazikuhusu. Sauti inatoka mguu DAC_R kwenda kuingia kwenye amplifaya. Hasi ya kichezeshi na hasi ya amplifaya zifunge bolti moja, sehemu moja ya bodi iliyokwanguliwa rangi. Ukiziweka mbalimbali, utasikia alternata ikipiga mluzi ndani ya spika, unapanda na kushuka kadiri unavyokanyaga mafuta.

Kisha kuna spika. Tumezoea honi ya gari: waya mmoja unaleta umeme, mwingine unaufunga popote kwenye bodi. Amplifaya hii haitaki mchezo huo. Waya zote mbili za kutokea zina umeme, hakuna iliyo hasi. Ukigusisha mmoja kwenye bodi umeipiga shoti. Mimi niliua mbili kwa siku moja, ya pili nikiwa najaribu kuthibitisha kwamba ya kwanza ilikuwa mbovu. Waya zote mbili zitoke kwenye amplifaya hadi kwenye spika bila kugusa chochote njiani, na pale zinapopita kwenye tundu la bati weka raba, mtetemo wa bajaji unasaga waya kama msumeno.

Sauti yenyewe ndiyo sehemu ambayo wateja wanadhani ni rahisi. Kijana mmoja aliniletea kipande cha wimbo chenye besi inayotikisa kifua. Kwenye simu yake na spika za masikioni ni moto. Kwenye tarumbeta ilisikika kama mbu ndani ya kopo. Tarumbeta ndogo haiwezi besi, chini ya hezi 400 hivi (mitetemo 400 kwa sekunde) inatoa pumzi tu. Masikio ya binadamu nayo yana ukali zaidi kati ya hezi 2000 na 4000. Kwa hiyo chagua sauti zinazoishi huko juu: jogoo, filimbi, zumari, kengele, mtoto anayecheka, mtu anayeita kwa sauti nyembamba. Kuna programu ya bure ya kompyuta, Audacity, ina kichujio cha kuondoa sauti nzito. Kata kila kitu kilicho chini ya 400, sikiliza. Ukibaki unaitambua sauti yako, itafaa. Ukiwa unakisia, itupe.

Ukiwa humohumo, kata ukimya wote wa mwanzoni mpaka wimbi la sauti ligusane na ukingo, maana kichezeshi tayari kina uzembe wake, usimwongezee. Urefu usizidi sekunde mbili. Geuza iwe ya spika moja, ishushe kidogo chini ya kilele ili isikwaruze, ihifadhi kama mp3. Kadi ifomatiwe FAT32, ukubwa usiozidi giga 32.

Na hapa kuna kijitabia kilichonipotezea jioni nzima. Kichezeshi hiki kikiulizwa faili ya kwanza hakiangalii jina, kinaangalia ipi ilitangulia kunakiliwa kwenye kadi. Nilikuwa nimeziita 0001 mpaka 0005, nikazichagua zote na kuzibandika kwa mpigo, kompyuta ikazinakili inavyopenda. Dereva akabonyeza akitarajia sauti ya binti yake akisema "Baba, twende!", akalia mbuzi. Fomati kadi, nakili moja, subiri iishe, nakili ya pili.

Spika ifunge nyuma ya bampa au chini ya pua ya bajaji, mdomo ukitazama mbele na kuinama kidogo ili maji ya masika yatoke. Usiuweke mbele ya rejeta, utaziba upepo. Vidude vyote vya elektroniki vikae ndani ya kikopo cha plastiki chenye mfuniko, na matundu ya waya yakiwa upande wa chini.

Kujaribu: washa ufunguo, hesabu mpaka tatu kichezeshi kiamke, bonyeza. Kisha bonyeza honi ya kiwandani. Lazima ilie kama ilivyolia asubuhi kabla hujaigusa bajaji, na kama kuna tofauti yoyote, umegusa kitu usichotakiwa. Tembea hatua kumi mbele, mwambie mwenyewe abonyeze. Ukilazimika kuziba masikio, rudi kwenye kompyuta uishushe.

Sauti za ving'ora sifungi, hata za mzaha. King'ora ni cha polisi, zimamoto na gari la wagonjwa, na siku watu wakizoea kwamba kikilia ni bajaji inatafuta abiria, gari la wagonjwa halitapishwa. Maboksi ya kichina yenye sauti saba na kipaza sauti yamejaa madukani na kila mteja wa tatu huniletea moja. Namrudishia. Nyimbo za watoto nazo nimeacha. Kule Indonesia mwaka 2016 honi za mabasi zinazoimba zilipendwa kiasi kwamba watoto walijipanga barabarani na mabango wakiomba dereva awapigie. Kwenye mtandao ilichekesha dunia nzima. Mimi nilipoona watoto wa mtaa wetu wameanza kuikimbilia bajaji iliyokuwa ikipiga wimbo wa chekechea, nilimwita dereva nikambadilishia siku hiyohiyo bila kumtoza.

Yule wa jogoo bado ni mteja wangu. Honi yake ya kiwandani nilimrudishia kwa fedha yangu, jogoo nikamhamishia kwenye kitufe cha kushoto. Anaitumia kituoni tu, kuita abiria. Swichi ya kuzimia niliiweka chini ya kiti chake, kwa ombi la majirani: anatoka nyumbani Yombo saa kumi na moja alfajiri, na haiwashi mpaka afike lami.