Kumnoa mwalimu wa klabu ya sayansi: anza na sekunde tatu

Kazi yangu ni kuzungukia klabu za sayansi za baada ya vipindi hapa Kigoma, kuanzia Mwanga hadi Ujiji, nikiwanoa walimu na vijana wa kujitolea wanaoziendesha. Wengi sayansi wanaijua. Kinachowaangusha ni kuuliza swali, kisha kulijibu wenyewe kabla mtoto hajameza mate. Hivi ndivyo ninavyofanya.

Hatua ya 1: Ondoa hofu ya ukaguzi

Ukiingia na daftari mkononi, mwalimu anamwona mkaguzi. Fika mapema, saidia kuteka maji, panga madawati. Kisha mwambie: "Mwalimu, sijaja kukupa alama. Nitakayoandika utabaki nayo wewe." Na umwachie kweli.

Hatua ya 2: Fanyeni jaribio wenyewe kwanza

Mimi hupenda kuanza na mtumbwi wa udongo. Tafuta beseni la maji, vizibo vya soda na udongo wa mfinyanzi, mabonge mawili ya uzito sawa. Bonge moja liache lilivyo, la pili lifinyange liwe mtumbwi wenye kuta nyembamba. Bonge litazama. Mtumbwi utaelea, maana umbo lake linasukuma maji mengi zaidi, na maji nayo yanausukuma juu kwa nguvu inayolingana na uzito wa maji yaliyosukumwa. Pakia vizibo kimoja kimoja hadi uzame.

Udongo ukiwa mlaini mno, kuta zinalegea na mtumbwi unakufa kabla ya mzigo. Bora mwalimu alione hilo mkiwa wawili kuliko mbele ya watoto thelathini.

Halafu andikeni maswali matatu. "Mmeelewa?" lifute; hata aliyesinzia ataitikia "Ndiyooo!" Jaribuni hili: "Utabeba vizibo vingapi, na umejuaje?" Mtoto aliyekulia karibu na mwalo wa Kibirizi, anayeona maboti yakipakiwa kila siku, hapo hakosi la kusema.

Hatua ya 3: Kaa nyuma, funga mdomo

Hapa niliwahi kuharibu. Mwalimu alikwama kidogo, nikasimama, nikalivuta beseni na kuendesha kipindi hadi mwisho. Watoto walifurahi sana. Yeye alikaa pembeni kama mwanafunzi mgeni, na nilipopiga simu wiki iliyofuata hakupokea.

Sasa naandika mambo matatu tu: swali lililoulizwa, sekunde za kimya zilizofuata, na nani alijibu. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, aliligundua hili miaka ya 1970: walimu kwa kawaida walisubiri kama sekunde moja tu, na waliposubiri tatu au zaidi, majibu yalirefuka na watoto wengi zaidi walithubutu kusema. Sekunde tatu darasani ni ndefu, jamani. Jaribu leo.

Hatua ya 4: Zungumzeni siku hiyohiyo

Dakika kumi zinatosha, hata mkiwa mnasubiri bodaboda. Mpe karatasi aisome mwenyewe.

"Unaona nini hapo, Mwalimu?"

"Mh! Maswali tisa, saba nimejibu mimi."

Usiongeze chumvi. Muulize atabadilisha nini kipindi kijacho, na kiwe kitu kimoja. Sauti ndogo, ubao mchafu, muda kuisha, hayo yaache kwanza.

Wengine huhesabu vidole nyuma ya mgongo baada ya kuuliza. Mbinu hiyo mwalimu mmoja wa Ujiji ndiye aliyenifundisha.

Hatua ya 5: Rudi baada ya wiki mbili, na mada nyingine

Akirudia mtumbwi, hutajua kama amebadilika au amekariri. Mwombe aandae kipindi cha taa: betri, waya, balbu ndogo, na swali la kwetu hapa: kwa nini wavuvi wa dagaa, wanaovuta samaki kwa taa usiku, hupumzika mbalamwezi inapong'aa?

Kaa nyuma na karatasi yako. Watoto wakinyamaza na yeye akanyamaza nao, usikohoe.